Si kila maumivu ya tumbo la chini ni chango

Mwanamke wa Lamu akija kliniki analalamikia tumbo la chini, mara nyingi ameshaambiwa nyumbani kwamba ni chango, yale maumivu ya tumbo ya wanawake yanayotibiwa kienyeji. Ameshakandwa, ameshakunywa mizizi, maumivu yakatulia kisha yakarudi. Sibishani naye juu ya jina. Namuuliza kama anaumia wakati wa tendo la ndoa, kama uchafu wa ukeni umebadilika rangi au harufu, na kama huona matone ya damu baada ya tendo au kabla hedhi haijafika. Akijibu ndiyo, nashuku maambukizi yaliyopanda hadi kwenye kizazi na mirija, na mara nyingi chanzo chake ni magonjwa ya zinaa, klamidia au kisonono.

Klamidia huja kimya. Wanawake wengi walio nayo hawaoni dalili yoyote, nayo ikiachwa kwenye mlango wa kizazi hupanda. Ndani ya mrija mna vijinywele vidogo mno vinavyosukuma yai kuelekea kwenye kizazi, na pale mrija unapopenya ukuta wa kizazi, uwazi wake haupiti milimita 1. Kovu dogo tu latosha kuharibu njia hiyo. Mirija yote miwili ikiziba kabisa, mbegu haifiki kwenye yai. Ikiziba nusu, mbegu hupita lakini mimba hukwama njiani. Dawa huua vijidudu, kovu haiondoi. Utafiti wa Lund, Uswidi, uliochapishwa 1992, ulionyesha kuwa baada ya kuugua maambukizi ya mirija mara moja wanawake 8 kati ya 100 walipata ugumba wa mirija, na baada ya mara tatu au zaidi wakafika 40. Kwa hiyo hata aliyewahi kuugua ana sababu kubwa ya kujikinga asiugue tena.

Hedhi ikichelewa, ukaumwa upande mmoja, ukatokwa na damu kidogo, ukaona kizunguzungu au maumivu ya bega, huenda mimba imetunga nje ya kizazi na mrija unapasuka. Aliye Faza au Kizingitini ana safari ya boti mbele yake, na wakati wa kusi bahari haina huruma. Tafadhali, safari ianze saa hiyo hiyo, kusingojwe kupambazuke.

Matibabu ya kawaida ya maambukizi ya mirija ni sindano moja ya seftriaksoni, pamoja na doksisaiklini miligramu 100 na metronidazo miligramu 400, kila moja mara mbili kwa siku kwa siku 14. Wengi huacha siku ya tano maumivu yakishaisha, na hapo ndipo ugonjwa hurudi. Doksisaiklini inywe kwa maji mengi, wala usilale papo hapo, maana huunguza koo la chakula. Mjamzito haipewi, yeye hulazwa, sawa na mwenye homa kali au anayetapika. Siku 3 zikipita bila nafuu, rudi: huenda usaha umejikusanya. Na msinunue sipro (siprofloksasini) dukani kutibu kisonono. Kisonono cha siku hizi kimeizoea.

Kufukiza nguo udi hakuna neno. Kuosha ndani kwa sabuni au ndimu ndiko kunakoua bakteria wema wanaoulinda uke.

Lililo gumu zaidi ni mume. Asipotibiwa, mke hupona leo na kuambukizwa tena wiki ijayo, kisha mtaa humwita tasa. Mume atibiwe hata kama hana dalili, na akiwa na mke mwingine, naye atibiwe wakati mmoja. Wasikutane kimwili hadi wote wamalize dawa na dalili ziishe, wala si chini ya siku 7. Na mimba ikikawia mwaka mzima, mume apimwe mbegu mapema, kwa sababu kisonono na klamidia humdhuru yeye pia, na kipimo chake ni chepesi kuliko kuchunguza mirija ya mkewe.