Mtoto katoka vidoti vya damu baada ya mafua: kabla hujampeleka kukatwa kimeo

Lalamiko tunalolipokea sana siku hizi kwenye kliniki ya watoto hapa Mwanza ni hili: mtoto amepimwa, amekutwa na chembe sahani, zile zinazoziba mishipa damu isivuje, 14,000 wakati kawaida ni 150,000 hadi 450,000, miguu imejaa vidoti vyekundu, halafu daktari anasema nendeni nyumbani, mrudi Jumatatu. Hakuna dripu, hakuna damu, wakati mwingine hata dawa hakuna. Mzazi anaona kadharauliwa. Akitoka getini anaelekea duka la dawa au kwa mganga, na huko ndiko mtoto anakoumizwa.

Ugonjwa wenyewe, ambao hospitalini huitwa ITP, huja wiki moja hadi nne baada ya virusi vya kawaida: mafua, tetekuwanga, rubela na vingine visivyo na jina mtaani. Huwapata zaidi watoto wa miaka 2 hadi 5. Kinga ya mwili, iliyoamshwa kupambana na virusi, inaanza kuzishambulia chembe sahani. Ni kama sungusungu waliomkosa mwizi wakamkamata jirani aliyevaa shati la rangi ileile. Chembe zilizowekewa alama na kinga hiyo huharibiwa kwenye bandama. Mtoto hana homa, anakula, anakimbia uani, ila mama akimwogesha jioni anaona vidoti vidogo kama ncha ya kalamu kwenye mashavu ya miguu na vifundoni, na mahali palipovilia damu bila mtoto kuanguka. Chukua glasi safi, bonyeza kitako chake juu ya vidoti hivyo. Upele wa kawaida hufifia chini ya glasi. Hivi havifutiki, kwa sababu ni damu iliyokwisha kutoka kwenye mshipa.

Sasa kwa nini arudi nyumbani? Kwa sababu takriban watoto 8 kati ya 10 hupona wenyewe ndani ya miezi 6, wapewe dawa wasipewe. Kuvuja damu kwenye ubongo, jambo tunaloliogopa wote, hutokea kwa chini ya mtoto mmoja kati ya 100. Daktari anamtazama mtoto kwanza, namba baadaye. Mwenye vidoti tu huangaliwa. Mwenye malengelenge ya damu mdomoni, damu ya pua isiyokoma au choo cheusi hulazwa na kupewa predinisoloni, dawa ya kutuliza kinga, kwa siku chache, au dripu ya kingamwili pale inapopatikana, maana bei yake ni kubwa. Kuongezewa chembe sahani hakusaidii mtoto asiyevuja damu kwa hatari: zinazoingia huharibiwa kama zake mwenyewe. Tafadhali msimgombeze muuguzi kwa hilo.

Na predinisoloni msiinunue wenyewe. Saratani ya damu inaweza kuanza kwa vidoti hivihivi, na dawa hiyo huificha kwa muda, kisha ikarudi ikiwa sugu zaidi. Mtoto mwenye vidoti pamoja na homa isiyoisha, maumivu ya mifupa, tezi zilizovimba au bandama kubwa anahitaji uchunguzi mwingine kabisa. Huku kwetu bandama inaweza kukuzwa pia na malaria, selimundu na kichocho cha tumbo kinachopatikana ufukweni mwa Ziwa Victoria, kwa hiyo daktari akiuliza mtoto anaogea wapi, mjibuni.

Kuhusu kipimo, kwa kuwa maswali ni mengi: tunaanza na picha kamili ya damu, ambayo wengi mnaiita FBP. Damu inachukuliwa kwenye mshipa, inawekwa kwenye kichupa chenye kifuniko cha zambarau, kinapinduliwa taratibu mara kadhaa bila kutikiswa. Dawa iliyomo ndani huzuia damu isigande. Kwa baadhi ya watu dawa hiyohiyo hufanya chembe sahani zishikamane, mashine ikazihesabu chache kuliko zilivyo. Ndiyo sababu mtaalamu wa maabara hupaka tone kwenye kioo na kulitazama kwa hadubini, na ndiyo sababu mnaambiwa msubiri au mtoto atolewe damu tena. Si kwamba ya kwanza imeuzwa, kama inavyosemwa mitaani. Kipimo cha malaria hufanywa siku hiyohiyo, kwani malaria nayo hushusha chembe sahani.

Sasa kimeo. Mtoto amekohoa wiki nzima, bibi anashauri akakatwe kimeo. Kikohozi hicho ndicho virusi, na wiki ileile chembe sahani zinaweza kuwa zinashuka. Jeraha la kooni kwa mtoto asiyegandisha damu haliwezi kufungwa bandeji. Chale za tumboni za kutibu bandama ni hatari ileile. Nalisema hili bila kudharau tiba asili, ambayo ina sheria yake tangu mwaka 2002 na inawataka waganga wasajiliwe. Lakini wembe kwa mtoto wa namna hii hauna mtetezi. Sindano za msuli nazo hapana. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki hapana, huzifanya hata zile chembe chache zilizobaki zisifanye kazi. Homa ikija, parasetamoli inatosha.

Chanjo ya surua na rubela imelaumiwa mno. Ni kweli huweza kushusha chembe sahani kwa mtoto mmoja katika makumi ya maelfu, na kwa kawaida hupona. Rubela yenyewe hufanya hivyo mara nyingi zaidi. Mpeni chanjo.

Upo ugonjwa ndugu yake, nao hausubiri Jumatatu. Hapa kinga huvunja chembe nyekundu. Mtoto anapauka ndani ya siku moja mbili, macho yanakuwa ya njano, moyo unakwenda mbio, mkojo unakuwa rangi ya chai ya rangi. Wazazi wa Misungwi na Kwimba, walikozoea kichocho cha mkojo kwenye madimbwi na mashamba ya mpunga, husema ni kichocho na kukaa nacho. Kichocho hicho kwa kawaida huleta damu mwishoni mwa mkojo, na hakimpaushi mtoto kwa siku mbili. Kinachothibitisha ugonjwa huu ni kipimo cha damu kiitwacho Coombs, kinachoonyesha kinga iliyoshikamana na chembe nyekundu. Kumtafutia mtoto huyu damu huchukua muda, kwa sababu kinga yake huonekana kuikataa karibu kila chupa. Damu haiuzwi, anayewadai fedha ya chupa, mripotini kwa uongozi wa hospitali.

Jambo la mwisho linaleta ugomvi. Mtoto mwenye michubuko mingi, muuguzi atauliza nani kampiga, na pengine ataomba PF3, ile fomu ya polisi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwenye taarifa za mtoto anayeonewa azitoe, na anayevunja haki za mtoto anakabiliwa na faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Mkiulizwa, jibuni kwa utulivu. Majibu ya damu yakitoka yatajieleza.

Mkiwa nyumbani, mtoto asipande miti wala baiskeli. Damu ya pua ikizidi dakika 15 huku mmeibana, akitapika, akilalamika kichwa kuuma sana au akilegea, njooni hata usiku. Wa Sengerema sasa mna daraja la Kigongo–Busisi, hamsubiri kivuko. Wa Ukerewe na Kome, msingoje boti ya asubuhi kabla hajaonwa: anzeni hospitali au kituo cha afya kilicho karibu, wahudumu wa hapo wapigie simu hospitali ya Sekou Toure au Bugando, na mje na barua ya rufaa, kadi ya kliniki, majibu ya FBP zote za nyuma na maganda ya kila dawa aliyomeza.