Tinga Tinga Tales: ninayakumbuka madoa kuliko hadithi

Nafundisha uchoraji wa katuni, na kila darasa jipya huwa naliwekea ukutani picha moja ya Tinga Tinga Tales, katuni ya watoto ya televisheni. Wengi hawaitambui. Kisha mmoja, aliyekuwa mtoto mwaka 2010, huanza kuuimba wimbo wake polepole, na mimi hufurahi siku nzima.

Vipindi vilikuwa 52, vya kama dakika 11 kila kimoja, na kila kimoja kilijibu swali: kwa nini nyoka hana miguu, kwa nini kiboko hana nywele. Ngano zilitoka pande nyingi za Afrika, mtindo wa picha ulitoka Dar es Salaam, uhuishaji ulifanyika Nairobi katika studio ya Homeboyz wakishirikiana na kampuni ya Tiger Aspect ya Uingereza, na watoto wa Uingereza wakaitazama kwenye CBeebies, chaneli ya watoto ya BBC.

Wanaoikumbuka husifu hadithi. Mimi nasifu rangi. Tingatinga hapa si trekta. Ni jina la Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, aliyeanza kuchora 1968 kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi. Alifariki 1972, ila jamaa na wanafunzi wake hawakuweka brashi chini. Rangi ile hung'aa kama kikombe cha bati. Mchoraji hujaza mwili wa mnyama kwanza, anaacha ukauke, ndipo anarudi kupanga madoa juu yake, doa kwa doa. Hakuna kivuli, hakuna mbali wala karibu.

Sasa mfanye chui mwenye madoa hayo atembee! Katuni ya kukata vipande huchorwa paja peke yake, goti peke yake, unyayo peke yake. Mnyama wa rangi moja akikunja mguu, kiungo hakionekani. Mwenye madoa, safu inakatika gotini na jicho la mtoto linanasa pale pale. Nimewahi kukesha na mguu mmoja wa chui, nikisogeza doa moja hadi lilipokubali kukaa. Kuyafuta madoa ingekuwa njia rahisi mno, na ndiyo maana nawaheshimu wahuishaji wale: waliyaacha. Simamisha kipindi popote, picha iliyo mbele yako unaweza kuitundika sebuleni.

Kinachoniuma ni lugha. Ngano za kwetu, picha za kwetu, nami nilizipata kwa Kiingereza. Kwa hiyo nilikuwa nazima sauti, nawakusanya wanangu, nasimulia mwenyewe.

“Paukwa!”

“Pakawa!”

Siku moja nilinyamaza kidogo kutafuta neno. Mdogo akanishika mkono: “Baba, simba amefungua mdomo na wewe hujasema kitu. Rudisha nyuma.” Nikarudisha, nikaanza upya.