Kipoza Oili cha Giaboksi ya Lori: Yanayosemwa Gereji na Yanayotokea Mlimani

Fundi akishasema giaboksi inachemka, mwenye lori anabaki na mashauri mawili: aongeze kipoza oili, au amwage oili iliyopo aweke ya bei mbaya. Yote mawili yanaweza kusaidia. Yanaweza pia kumeza pesa nzuri na tatizo likabaki palepale, kwa sababu hakuna aliyeuliza joto linazaliwa wapi na linatolewa wapi. Haya ndiyo maneno ninayoyasikia sana kwenye gereji za malori ya njia ya Tunduma, na hali halisi ya kila moja.

"Lori langu ni otomatiki, lazima niliongezee kipoza"

Otomatiki ipi? Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Scania yenye Opticruise, Volvo yenye I-Shift na Actros yenye PowerShift, zote madereva wanaziita otomatiki kwa kuwa hakuna kukanyaga klachi kila saa. Ukizifungua, kwa kawaida unakuta giaboksi ya meno kama ya manyuo, na sahani kavu ya klachi. Kilichobadilika ni kwamba gia zinasukumwa na upepo unaoamriwa na kompyuta. Opticruise za mwanzo zilikuwa hata na pedeli ya klachi ya kuondokea na kusimamia.

Giaboksi ya aina hiyo ina joto lake, la meno kusagana na oili kupigwapigwa, lakini ni dogo ukilinganisha na nguvu inayopita ndani. Ile harufu ya kuungua inayopanda hadi kwenye kebini mara nyingi ni ya klachi. Klachi kavu haiguswi na oili. Funga kipoza cha ukubwa wowote unaotaka, dereva anayeshikilia lori mlimani kwa mafuta badala ya breki ataendelea kuiunguza.

Otomatiki kamili, kama zile za Allison zinazofungwa kwenye matipa ya machimbo, magari ya zimamoto na mabasi ya mjini, ni habari nyingine. Kati ya injini na gia kuna toki konveta. Ndani yake kuna duara mbili zenye mapanga, zimetazamana ndani ya oili. Ya upande wa injini inarusha oili, ya upande wa gia inazungushwa nayo. Nguvu isiyofika kwenye tairi inabaki kwenye oili ikiwa joto. Tipa likinasa kwenye tope na mguu wa dereva uko chini kwenye mafuta, karibu nguvu yote ya injini inapika oili, na sindano ya joto inapanda ukiitazama. Klachi ya ndani ya konveta ikishashika, joto hilo linapungua sana. Ndiyo maana tipa linalokimbia kilomita 80 kwa saa barabara kuu linaweza kuwa na oili isiyo na moto sana kuliko lile linalotambaa kilomita 8 shimoni. Kipoza cha ziada kina kazi ya maana kwa hilo la pili.

"Joto ni la kupanda, kushuka ni kupumzika"

Waulize wanaoteremka mlima Kitonga, kule Iringa, na shaba ya Kongo au Zambia wakielekea bandari ya Dar es Salaam. Chukua gari la tani 56, uzito wa juu kabisa kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, literemke mteremko wa asilimia 6 kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa. Kila sekunde linashuka wima nusu mita. Ili mwendo usiongezeke, kuna nguvu ya kama kilowati 250 inayotakiwa kuzuiwa, hata ukishatoa inayoliwa na msuguano wa tairi. Ni birika za umeme zaidi ya mia moja zinachemka kwa pamoja.

Joto hilo lazima liende mahali. Likienda kwenye madramu ya breki, tunajua mwisho wake. Kwenye lori lenye ZF Intarder, retada (breki ya ziada isiyotumia madramu) imefungwa kwenye giaboksi na inatumia oili ileile ya giaboksi. Oili inachemshwa, inapita kwenye kibadilisha joto, inaukabidhi moto kwa maji ya injini, na maji yanaupeleka kwenye rejeta. Kwa hiyo kinachopoza giaboksi wakati wa kushuka ni mfumo wa maji wa injini. Kipoza kidogo cha hewa kilichobandikwa mbele hakina ubavu wa kuondoa kilowati hizo.

Kinachosaidia ni rejeta safi, feni inayoshika vizuri, pampu ya maji nzima na raundi za injini. Kuna madereva wanaoshuka na gia kubwa, raundi 1,100, wakiamini injini inapumzika. Matokeo yake pampu inazunguka polepole, feni nayo vivyo hivyo, maji yanachemka, na retada ikihisi joto inajipunguza yenyewe katikati ya mteremko. Shusha gia mapema, raundi zisogee karibu na 2,000 kama mtengenezaji anavyoruhusu. Na mafuta hayaliwi: gari likiwa kwenye gia bila kukanyagwa, injini hizi za kompyuta zinakata dizeli kabisa.

Kabla hujanunua chochote, toa grili ya mbele na umulike tochi kati ya intakula (kipoza hewa ya turbo) na rejeta. Lori la safari ndefu utakuta kipande kama blanketi: vumbi, wadudu, mbegu za nyasi, vyote vimeshikana kwa ukungu wa oili. Ukipiga maji ya presha kutoka mbele unazidi kuvishindilia ndani. Pigia kutoka upande wa feni, kwa presha ya kiasi ili usilaze mapezi. Najua haina mvuto kama kipoza kipya kinachong'aa, lakini ningeanza na hiyo kila mara.

"Kikubwa zaidi ndicho bora zaidi"

Kipoza ukikisimamisha mbele ya intakula na rejeta, hewa inayofika nyuma inakuwa imepungua na imeshapata moto. Umepoza giaboksi, umechemsha injini. Kwenye lori zito ni heri kifungwe kando ya chasisi kikiwa na feni yake ya volti 24 inayojiwasha kwa joto, mbali na matope ya tairi.

Halafu oili haitakiwi kuwa baridi. Kwenye Allison, joto lake la kawaida kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya giaboksi, ni kati ya nyuzi 71 na 93, na kuvuka 121 ndiyo hatari. Ikiwa baridi mno inakuwa nzito, gia zinachelewa kuingia, na unyevu haukauki. Asubuhi ya Makambako mwezi wa 7 si Dar es Salaam. Tafuta mfumo wenye thamostati inayoizuia oili isipite kwenye kipoza hadi ipate moto.

Upande wa pili, mafundi wa giaboksi wana kipimo chao cha makadirio: ukishapita nyuzi 80 hivi, kila nyuzi 11 zinazoongezeka hupunguza umri wa oili ya kawaida kwa nusu. Ukiendesha kwenye 102 siku nzima umebakiwa na robo. Oili ya sinthetiki inavumilia zaidi. Haiondoi joto.

"Kata kile cha ndani ya rejeta, weka cha hewa tu"

Hofu hii ina msingi. Kipoza kilichomo ndani ya rejeta kikitoboka, maji na oili vinachanganyika, na kwenye kijiti unaona kitu kama maziwa yenye rangi ya waridi. Kemikali ya kulenti, yaani dawa iliyomo kwenye maji ya rejeta, inalegeza gundi ya sahani za ndani ya otomatiki, na mara nyingi giaboksi hiyo haiponi kwa kubadilisha oili pekee. Lakini dawa ya rejeta iliyochakaa ni kubadilisha rejeta. Maji yanachukua joto kutoka kwenye oili vizuri kuliko hewa, na asubuhi yanasaidia kuipasha. Palipo na nafasi, vyote viwili vibaki: oili ipite kwanza kwenye maji, kisha kwenye hewa, ndipo irudi giaboksi, isipokuwa mtengenezaji ameelekeza vingine.

"Giaboksi imekufa, kipoza kizima, kioshe kwa petroli urudishe"

Hapana. Nimewahi kuona kimoja kikikatwa kwa grainda baada ya kuoshwa hadi petroli ikatoka nyeupe. Ndani ya njia nyembamba za sahani kulikuwa na unga wa kijivu umegandamana, na katikati yake vipande vya chuma vinavyochoma kidole. Ule unga ungeingia kwenye giaboksi mpya siku ya kwanza. Kipoza ni spea, na ni cha bei ndogo kuliko kufungua giaboksi mara ya pili.

"Ikichemka, egesha uzime injini"

Kwa otomatiki ya toki konveta ni kinyume. Ukizima, pampu inasimama, na oili ya moto inakaa palepale. Egesha, weka nyutro, vuta breki ya mkono, injini iende kati ya raundi 1,200 na 1,500. Ndani ya dakika mbili tatu joto linatakiwa lishuke. Lisiposhuka, kuna hitilafu, safari isiendelee.

"Fundi yeyote wa maji anaweza kufunga"

Anaweza, kwa hozipaipu ya maji na klempu za skrubu, na oili itamwagika njiani. Oili hii ina moto na presha. Inataka mpira wa haidroliki uliobanwa kwa mashine, wenye kipenyo kisichopungua cha njia ya awali, na usiolala juu ya egzosi.

Kosa la mwisho linafanyika kazi ikiwa imeisha. Kipoza kipya na mabomba yake vinabeba oili yao, kwa hiyo kiwango cha jana hakitoshi tena. Fundi anaongeza kwa makadirio, anapitiliza, oili inapigwa na gia hadi inatoa povu, na lori linachemka kuliko kabla. Kwenye Allison jaza kidogo, endesha hadi oili ifike kwenye zile nyuzi 71 mpaka 93, egesha mahali tambarare, injini ikinguruma kwenye nyutro, ndipo usome kijiti upande ulioandikwa wa moto. Ule upande wa baridi unakuambia tu kwamba oili inatosha kuendesha hadi upime ya moto.