Je, Wajua? Kipenyo cha Duara Hutambulika Bila Kushika Rula

Chukua duara ambalo kitovu chake kipo kwenye nukta (1, 2) na nusukipenyo chake ni 5. Juu ya duara hilo weka nukta tatu: A(4, 6), B(−2, −2) na C(−3, −1). Unganisha A na B, kisha A na C. Upi kati ya mistari hiyo miwili ni kipenyo, yaani una ncha zote mbili kwenye duara na kitovu katikati yake?

Ukichora, macho yatakudanganya. Kipenyo cha duara hili ni 10, na urefu wa AC ni kipeuo cha pili cha 98, yaani takriban 9.9. Kama kila kizio kwenye karatasi ya grafu ni nusu sentimita, basi tofauti yao ni nusu milimita, unene wa mstari wa penseli tu.

Namba hazina unene. Jumlisha x za A na B: 4 + (−2) = 2. Jumlisha y: 6 + (−2) = 4. Gawanya kila moja kwa mbili, unapata (1, 2), ambacho ndicho kitovu. Kwa A na C, jumla ni 1 na 5, kwa hiyo nukta ya kati ni (0.5, 2.5). AC imepita pembeni kidogo, na hiyo inatosha kuiondoa.

Hapa ndipo wengi hunaswa. Mstari unaotoka (2, 5) hadi (0, −1) nao umegawanywa na kitovu katikati, lakini si kipenyo: urefu wake haufiki hata 6.4, kwa sababu ncha zote mbili ziko ndani ya duara. Kwa hiyo hakikisha kwanza kwamba ncha ziko kwenye duara lenyewe, ndipo utafute nukta ya kati.

Mara nyingi kitovu hakitajwi, unapewa mlingano peke yake. Wa duara letu ni x² + y² − 2x − 4y − 20 = 0. Tazama −2 na −4 zilizo mbele ya x na y. Zigeuze alama, unapata 2 na 4: zile zile jumla za x na y za A na B. Ncha za kipenyo chochote cha duara hili lazima zitoe jumla hizo, hivyo hata kitovu huna haja ya kukitafuta.

Na kama hakuna kitovu wala mlingano? Tafuta nukta nyingine yoyote ya duara, tuseme P(5, −1). Kanuni ya kale inayohusishwa na Mgiriki Thales wa Mileto, na ambayo mwanahisabati Mgiriki Euclid aliithibitisha katika kitabu cha tatu cha Elements, kazi yake ya jiometri, inasema pembe inayotazama kipenyo kutoka kwenye duara ni ya digrii 90. Wagiriki waliithibitisha kwa michoro. Baada ya Mfaransa René Descartes kuchapisha jiometri yake mwaka 1637, maumbo yalianza kushughulikiwa kwa aljebra, na leo pembe hiyo tunaikagua kwa kuzidisha tu. Kutoka P hadi A ni hatua (−1, 7), yaani tofauti ya x na tofauti ya y. Kutoka P hadi B ni (−7, −1). Zidisha x kwa x na y kwa y, kisha jumlisha: 7 − 7 = 0. Sifuri maana yake pembe ni mraba, basi AB ni kipenyo. Kwa C, hatua ni (−8, 0), na jibu linakuwa 8. Si sifuri.

Kinachonifurahisha zaidi ni hiki. Badala ya P weka nukta yoyote (x, y), na hesabu ile ile inakuwa (x − 4)(x + 2) + (y − 6)(y + 2) = 0. Fungua mabano, utapata mlingano wetu wa duara neno kwa neno. Ukijua kwamba nukta mbili ni ncha za kipenyo, umelipata duara zima; bila kujua hilo, maduara yasiyo na idadi yanaweza kupita katika nukta hizo hizo. Hata jibu lisilo sifuri lina kazi. Nukta (7, 3) inatoa 27 − 15 = 12, ambayo ni chanya, kwa hiyo iko nje ya duara. Ingekuwa hasi, ingekuwa ndani.