Sudusi ya fungu si sudusi ya mali yote

Malalamiko yanayoletwa sana siku hizi kwenye dawati la mirathi ni ya mali iliyokaa bila kugawanywa mpaka mrithi naye akafariki. Masheikh wanaiita munasakha. Familia hupiga hesabu nyumbani, kisha hufika mahakama ya Kadhi ikidai imedhulumiwa.

Tuseme mume ameacha mke, mwana wa kiume na binti. Mke ana thumni, 1/8. Zimebaki 7/8, na mwana anapata theluthi mbili zake: 7/8 × 2/3. Kata 2 ya juu na 8 ya chini kwa 2, unabaki na 7/4 × 1/3, yaani 7/12. Binti ana 7/24.

Kabla ya kugawana, binti anafariki, akiacha mume, mama yake na mtoto wa kiume. (Kaka hapati kitu hapa, mtoto amemzuia.) Mama ana sudusi, 1/6, ndiyo, lakini ni sudusi ya fungu la binti, si ya mali yote ya baba! Hiyo "ya" maana yake ni kuzidisha: kiasi (namba ya juu) kwa kiasi, asili (namba ya chini) kwa asili. Basi 7/24 × 1/6 = 7/144. Mume wa binti ana robo: 7/24 × 1/4 = 7/96. Sudusi na robo ni 1/6 + 1/4 = 5/12, basi mtoto anachukua baki, 7/12 ya fungu hilo: 7/24 × 7/12 = 49/288. Tafadhali msikate namba zilizotenganishwa na alama ya kujumlisha. Kukata ni kwenye kuzidisha tu.

Kisha mafungu yote yanawekwa kwenye asili moja, 288. Mama 50 (36 za mumewe, 14 za bintiye), mwana 168, mkwe 21, mjukuu 49. Zijumlishe, zisipofika 288 kamili, kuna kosa. Mali ikiwa shilingi 2,880,000, kila moja ni 10,000.

Mwana akiona 168/288 ilhali karatasi ya awali ilisema 7/12, hajapunjwa hata senti. Gawanya juu na chini kwa 24 uone. Tumelieleza hili mara nyingi mno: kurahisisha sehemu hakupunguzi haki ya mtu.

Leteni cheti cha kifo kwa kila marehemu, na barua ya chifu inayotaja warithi wa kila mmoja peke yao, wasichanganywe. Na anayeuza au kuchukua mali ya marehemu bila idhini ya kisheria, kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, kinampa faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili, na bado atamjibu msimamizi wa mirathi kwa kila alichokigusa.