Viwimbi vya umeme: kwa nini ampli ya kujiundia hunguruma

Umewasha ampli uliyoiunga mwenyewe, hujaweka wimbo wowote, na spika tayari zinanguruma. Mara nyingi unachosikia ni umeme wa ukutani uliopita bila kuchujwa vizuri. Mabaki hayo ndiyo viwimbi.

Umeme tunaoupata Bukavu ni wa volti 220, hezi 50. Transfo inaushusha, diodi nne zinaulazimisha kwenda upande mmoja, nao unatoka na vilima 100 kila sekunde. Kapasita kubwa, yaani kihifadhi cha chaji, hujaa kwenye kila kilima, kisha huilisha ampli hadi kilima kinachofuata. Ampli ikivuta nusu ampea na kapasita ikiwa ya mikrofaradi 4700, volteji hupanda na kushuka kwa karibu volti 1, mfano wa meno ya msumeno.

Wengi hukimbilia kuongeza kapasita. Mimi ningeanza na kitufe cha sauti. Kiteremshe hadi sifuri: mngurumo ukibaki vilevile, shuku pawasaplai, yaani hiyo sehemu ya transfo, diodi na kapasita inayolisha ampli; ukipotea, shida iko kwenye waya wa kuingizia muziki. Halafu sikiliza uzito wake. Ukiwa mzito kuliko ulivyozoea, huenda diodi moja imekatika, maana vilima vinabaki 50. Kapasita iliyochomolewa kwenye televisheni kuukuu nayo huwa imekauka, hata kama maandishi yake bado yanang'aa. Kabla ya kuigusa, chomoa plagi na uimalize chaji kwa rezista. Ampli kuzimwa hakumaanishi kapasita imekwisha chaji.

Kuna kisa kingine kinachosumbua mafundi: mchana kimya, jioni mtaa mzima ukipika, mngurumo huo. Hapo hakuna kilichoharibika. Regyuleta ya 7812, kijisehemu kinachoshikilia volteji isipande wala kushuka, hutoa volti 12, lakini yenyewe huhitaji kupewa 14 hivi. Transfo ya volti 12 ikipata 220, kapasita hufika 15 na nusu, maana hujaa hadi kilele cha kilima, nayo inatosha. Wengi wakivuta umeme jioni na ukuta ukishuka hadi 180, inafika 12 na nusu tu, na viwimbi vinapenya moja kwa moja hadi kwenye spika. Kapasita ya ukubwa wowote haitaponya hilo. Weka transfo ya volti 15, na kwa kuwa umeme ukirudi sawa 7812 itapata moto zaidi, ifungie kipande kinene cha alumini.