Fundi, peleka ombi la hataza kwanza, video baadae

Jamani mafundi na wabunifu wetu wa Unguja na Pemba, hili linatuuma sana sisi tunaoshughulika na usajili. Mtu anahangaika miezi na vyuma, mota na mikanda mpaka anapata mashine ya kuchambua karafuu, yaani inatenganisha karafuu na makonyo, kazi ambayo mama zetu wanaifanya kwa vidole barazani mpaka usiku msimu mzima, halafu siku ya kwanza ikikubali tu anapiga video anairusha kwenye grupu la WhatsApp, watu mashaallah mashaallah, wiki ya pili video ishafika Dar na Mombasa, ndo anakuja kuuliza nifanyeje nisiibiwe. Hapo mara nyingi keshachelewa.

Kwa nini? Hataza, au patenti kama wengi tunavoita, yaani haki ya kuwazuia wengine wasikitengeneze wala kukiuza ulichovumbua, hutolewa kwa kitu kipya, na huo upya hauangaliwi Zanzibar tu, unaangaliwa duniani kote. Ukishakionesha hadharani kabla hujapeleka ombi, iwe mtandaoni, kwenye maonesho ya biashara au ushakiuza Darajani, mwenye kukupinga anaweza kusema hichi kilishajulikana, na ushahidi umempa mwenyewe. Zipo nchi sheria zake zinampa mvumbuzi muda wa kusamehewa, ila Ulaya karibu hawasamehi kabisa, kwaivo usiweke tamaa huko. Ikiwa lazima umuoneshe mtu, labda fundi wa kuchomea au tajiri unaemuomba mtaji, andikianeni kwanza mkataba wa kutunza siri, hata kama ni jamaa yako, wala usione haya.

Na si upya peke yake. Kitu kiwe na hatua ya uvumbuzi, maana yake fundi mwenzio anaeijua kazi asingekifikia kirahisi, kubadilisha rangi au kuongeza ukubwa hakutoshi, tena kiwe kinaweza kutengenezwa au kutumika viwandani, kwenye kilimo, uvuvi, kazi yoyote. Mwani wenyewe tunaolima kwa biashara tangu 1989 huko Paje na Jambiani huwezi kuupatia hataza, uko baharini umeumbwa na Mungu, lakini mtambo mpya wa kuukausha wakati wa mvua unaweza. Wazo tupu pia halilindwi, "nataka mashine ya kupandia mnazi" si uvumbuzi mpaka useme inafanyaje.

Hapa ndo wengi wanaogopa, kwamba lazima useme kila kitu. Kweli, ni lazima. Hataza ni makubaliano baina yako na serikali, wewe unaeleza kazi yako yote kwa maandishi na michoro mpaka fundi mwengine akisoma aweze kuitengeneza, na serikali inakupa haki ya kuwazuia wengine wasiitengeneze wala kuiuza bila ruhusa yako kwa miaka 20 tangu siku ulopeleka ombi, ilimradi unalipa ada zake, ukiacha kulipa haki inakufa mapema. Sehemu ya kuumiza kichwa zaidi kwenye ombi ni madai, zile sentensi zinazosema hasa nini ni chako. Ukiandika "mashine yenye mkanda wa mpira" jirani ataweka mkanda wa turubai na utamtizama tu, ukiandika kwa upana kupita kiasi utaambiwa vyengine vilikuwepo zamani. Hapo usione tabu kutafuta wakili au mtaalamu anaeijua kazi hiyo, wallahi pesa hiyo haipotei.

Jambo jengine watu hulichanganya sana. Mali ya viwanda, yaani hataza, alama za biashara na mfano wake, si jambo la Muungano. Zanzibar tunayo sheria yetu, Sheria ya Mali ya Viwanda namba 4 ya 2008, na ombi linapelekwa kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, BPRA, ilhali bara wana sheria yao na wanasajili BRELA, wakala wao wa usajili. Kusajili bara peke yake usihesabu kuwa umelindwa Chake Chake, na kusajili hapa hakukulindi Kariakoo. Ukishapeleka ombi la kwanza unao muda wa miezi 12, kwa Mkataba wa Paris, makubaliano ya nchi nyingi juu ya mali ya viwanda, kupeleka nchi nyengine za mkataba huo huku ukihesabiwa tarehe ileile ya mwanzo, basi fikiria mapema soko lako liko wapi. Na jina la bidhaa ni alama ya biashara, nyimbo na vitabu ni hakimiliki na ofisi yake ni COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar, hivo visipelekwe kwenye hataza.

Wenye dawa za miti shamba nao nawaomba wasikilize kisa cha manjano. Mwaka 1995 Marekani ilitoa hataza namba 5,401,504 kwa watafiti wa University of Mississippi Medical Center, eti manjano yanaponesha vidonda, kitu ambacho hapa kwetu bibi yoyote angekwambia. Taasisi ya utafiti ya India, CSIR, ikaipinga ikapeleka maandishi ya zamani kuonesha si jambo jipya, na 1997 hataza ikafutwa. India walikuwa na maandishi, sisi mengi yako vichwani mwa wazee. Vijana wa skuli na vyuo yaandikeni kwa idhini ya wazee wenyewe, yawe na tarehe, ili kesho mtu asije kutuuzia vyetu.

Mwisho, kabla hujakata hata bati, tafuta kwanza. Patentscope na Espacenet, tovuti za kutafutia hataza za dunia, ni bure, zina nyaraka zaidi ya milioni 100, simu yako inatosha. Ukikuta mashine kama yako ishasajiliwa Ujerumani tu na huku kwetu haikusajiliwa, huwezi kuidai kuwa yako, lakini unaweza kusoma michoro yake yote, ukaitengeneza hapahapa na kuwauzia wakulima wa Wete na Mkoani bila kumuomba mtu ruhusa, ila usiisafirishe kwenda Ujerumani mpaka muda wake uishe.